Fumo, Keanu au Mashaka?

Swali: "Assalam alaykum mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Shela, Lamu, ila nafanya kazi Malindi na nimeoa huku huku, kwa Wagiriama. Mke wangu atajifungua mwisho wa mwezi inshallah, na tumeambiwa ni wa kiume. Wa kwanza alifariki kabla ya siku ya saba, hatukuwahi kumpa jina. Huyu nataka apate jina lisilo la kawaida, maana chuo cha Kurani anachosoma mdogo wangu kina Mohamed sita. Mtandaoni nimepata orodha, nikapenda Jelani, Jabari, Keanu na Kofi. Mamangu anataka Fumo, jina la marehemu babangu. Baba mkwe ni Charo, na sijui kama atanuna. Nyanyake mke wangu naye anasema aitwe Mashaka ili akae. Rafiki yangu amenionya kwamba jina baya huvuta baya. Nifanyeje?"

Jibu: Wa alaykumu salamu, mwanangu. Poleni kwa yule aliyetangulia, na Mungu amjaalie mkeo uzazi mwepesi.

Umeniletea majina saba kwa swali moja. Mimi si mufti, kazi yangu ni maneno, na majina ya watu nimeyaandika daftarini tangu ujanani kama wengine wanavyokusanya stempu. Nianze na ya orodha, kwa kuwa hayo hayachukui muda.

Jelani umeandikiwa kuwa ni neno la Kiswahili, maana yake mwenye nguvu. Wewe ni mtu wa Shela. Umewahi kusikia mtu akisifiwa kuwa ni jelani? Mimi sijawahi. Jelani ni Jilani, na Jilani ni mtu wa Gilan, mkoa wa kaskazini ya Iran ulio kando ya Bahari ya Kaspi. Jina lilipata utukufu kwa ajili ya Sheikh Abdulqadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166, ambaye tarika ya Kadiria inaitwa kwa jina lake. Ukimpa mwanao jina hilo kwa kumpenda sheikh, umefanya jambo lenye asili. Ukimpa kwa ajili ya hizo nguvu, basi umemwita Mmalindi ukidhani umemwita Simba.

Orodha hizi hukopiana. Wamarekani weusi walipoanza kutafuta majina ya Kiafrika, hasa miaka ya 1960 na 1970, Kiswahili kilipendwa sana, na kila jina lenye mlio wa kwetu likabandikwa chapa ya Kiswahili na maana tamu. Siwalaumu, walinyang'anywa majina yao na walikuwa wakitafuta mapya. Lakini wewe uliye ndani ya lugha yenyewe huna haja ya kuuziwa samaki kutoka Chicago.

Kwa Jabari orodha haikukosea sana. Katika Kiswahili jabari ni mtu asiyeogopa. Ila asili yake ni Al-Jabbar, mojawapo ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu, na ndiyo sababu wazee walisema Abduljabari, mja wa Jabari, wala hawakuliacha peke yake. Kama mlio wake umekukaa sikioni, mtazame ndugu yake Jabiri. Mzizi ni ule ule, na maana yake ya kale ni kuunga mfupa uliovunjika. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, aliliweka neno al-jabr kwenye jina la kitabu chake, na humo ndimo ilimotoka aljebra inayowatesa watoto shuleni. Basi Jabiri ni muunga kilichovunjika. Kwa nyumba iliyokwisha kuzika, mimi jina hilo nalipenda.

Keanu ni la Kihawaii: ke anu, ubaridi. Kwa maana tu halina neno. Mtu aliyelala darini Shela wakati wa maleleji, kaskazi imekata na kusi bado haijaingia, ataielewa baraka iliyomo kuliko huyo aliyeandika orodha. Swali langu ni moja. Akifika miaka saba akuulize kwa nini anaitwa Keanu, utamjibu nini? Kwamba ni jina la mcheza sinema? Labda jibu hilo linakutosha. Mimi lisingenitosha.

Kofi ni mwanamume aliyezaliwa Ijumaa. Waakan wa Ghana wana jina kwa kila siku ya wiki: Kwaku wa Jumatano, Yaw wa Alhamisi, Kofi wa Ijumaa, Kwame wa Jumamosi. Kwa hiyo Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ni Juma kama Juma yeyote wa mtaa wa Langoni, Lamu, na Yaw ni Khamisi wao. Lakini mfikirie mwanao siku ya kwanza shuleni. Mwalimu anauliza, "Wewe jina lako nani?" Anajibu, "Kofi." Kufika saa nne, wakati wa uji, darasa zima litakuwa limeshampa jina lake mashavuni.

Sasa nyanya. Naona kwa namna ulivyoandika kwamba mumemchukulia kama mtu wa mambo ya kale. Ni ya kale, naam, lakini amesema neno lenye watu wengi nyuma yake.

Kwetu kuna namna mbili za majina ambayo mgeni huyaona mabaya. Ya kwanza huandika hali iliyokuwapo siku mtoto alipozaliwa: Mashaka, Shida, Taabu. Haya ni kama tarehe tu. Watu wa zamani hawakuwa na kalenda ukutani, walikuwa na watoto wao. Namna ya pili humficha mtoto. Sikitu, kwa mfano, ni "si kitu". Mauti yakipita mlangoni yakauliza mna nini humu, jibu limeshatolewa. Wajaluo wana Owiti, aliyetupwa, na Waluhya wana Makokha, jina linalotoka kwenye jaa la majivu. Yote mawili hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenziwe kufa. Vijijini China mtoto aliitwa Gousheng, makombo ya mbwa, kwa hoja ile ile: kilichoachwa na mbwa nani atakitaka? Waturuki huomba waziwazi: Dursun, na akae, Yaşar, anaishi. Wayoruba husema Kokumo, hafi tena. Lakini waliofika mbali kuliko wote ni Wamongolia. Wana Enebish, "si huyu". Wana Khünbish, "si mtu". Wana Nergüi, "hana jina", na hilo ndilo jina lake, limeandikwa kwenye kitambulisho.

Hakuna aliyetoka jangwa la Gobi akaja Ganda, karibu na Malindi, kumfundisha nyanyake mkeo. Walichofundishwa wote ni kuzika watoto.

Nilimjua mzee mmoja, muuza samaki, aliyekuwa na jina la namna hii. Silitaji kwa heshima ya watoto wake. Siku moja tumekaa barazani, kijana wa dukani akamwuliza, kwa mzaha, vipi wazazi walikosa jina lote wakampa hilo. Mzee akaweka chini kapu la samaki, akafuta mikono kwenye kikoi, akasema, "Mbele yangu walitangulia watano. Wote walikuwa na majina mazuri." Akachukua kapu lake akaenda zake.

Rafiki yako naye hakubuni. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alimkuta mtu aitwaye Hazn, ardhi ngumu, akamwambia, wewe ni Sahl, ardhi laini. Yule akakataa: sibadilishi jina alilonipa babangu. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, alisema baadaye kwamba ule ugumu haukuwatoka ukooni. Kwa hiyo jina la matusi au la kumdhalilisha mtoto, liache, hapo niko na rafiki yako.

Ila asilivute mbali. Panda nasaba ya Mtume mwenyewe utamkuta Kilab bin Murra: kilab ni wingi wa mbwa, na murra ni uchungu. Waarabu wa kale walipoulizwa sababu walisema wana wao huwaita majina makali kwa ajili ya maadui, na watumwa majina mazuri kwa ajili yao wenyewe. Zanzibar kati ya 1870 na 1888 alitawala Sayyid Barghash, na barghash kwa Kiarabu ni usubi, wadudu wale wadogo wanaouma jioni ufukweni. Huyo usubi ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Na katika ukoo wa watawala wa Malindi waliohamia Mombasa, alikuwako mtoto aitwaye Yusuf bin Hasan. Wareno wakamchukua, wakamlea Goa, wakambatiza Dom Jerónimo, wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao. Mwaka 1631 aliwageuka, akaiteka Fort Jesus, akarudi kwenye Uislamu na kwenye Yusuf wake. Jina walilomvisha hata halikumshika.

Rai yangu kuhusu Mashaka: msimnyime nyanya. Mfanyeni Mashaka kuwa jina la nyumbani, lile la uani, lisiloandikwa popote. Pwani nusu ya watu wana jina la cheti na jina la mama, na wakifa ndipo majirani hujua la cheti lilikuwa lipi. Nyanya atatulia, na mtoto hatakuwa na la kueleza kila anapojaza fomu.

Fumo nimelichelewesha makusudi. Umesema chuo kina Mohamed sita. Kina Fumo wangapi?

Unatafuta jina adimu Hawaii, nalo liko kwenye cheti chako cha kuzaliwa, mstari wa baba. Fumo kwa Kiswahili cha kale ni mkuki wenye bapa pana. Tena ni cheo, mkuu wa watu. Sijui ni lipi lililoanza, ila si ajabu mkuki na mwenye kuushika kuitwa kwa jina moja. Kila mtoto wa Lamu amesimuliwa Fumo Liongo, shujaa na mshairi, aliyepigwa na mikuki na mishale asife, mpaka kijana wa damu yake akamchoma sindano ya shaba kitovuni. Watawala wa Pate walilibeba: Fumo Madi, Fumo Luti. Na Witu alikuwako Fumo Bakari, aliyepigana na Waingereza mwaka 1890 hadi mji wake ukachomwa moto. Cheo kikashuka polepole kikawa jina la mtu wa kawaida, kama Sheikh ilivyokuwa Shee kwa Wabajuni, na kama Bwanamkuu, ambalo mwenyewe akiandikiwa barua rasmi huitwa Bw. Bwanamkuu. Hata Wamarekani wana watu waitwao Earl, na hicho ni cheo cha Kiingereza.

Halafu kuna mamako. Kwetu Lamu, mke wa rika lake kumtaja mumewe kwa jina kavu ilikuwa aibu. Mumewe alikuwa "baba fulani", au "bwana", au kikohozi tu mlangoni. Huenda miaka yote ya ndoa yao mamako hakulitamka jina la Fumo mara kumi. Sasa mwenyewe hayupo, na yeye anaomba liitwe nyumbani kila siku, asubuhi na jioni. Mimi nisingekuwa na moyo wa kumkatalia kwa ajili ya Keanu.

Tena jitayarishe, huenda hata hapo asilitamke. Ndugu yangu alipewa jina la babu yetu mzaa baba, na mamangu, kwa kumstahi mkwewe, hakumwita kwa jina hilo hata siku moja. Alimwita Mzee. Mtoto wa miaka mitatu, makamasi yanamtoka, na mama anaita juu ya ngazi, "Mzee, ndoo ule!", yaani njoo ule. Mpaka leo ana mvi na bado ni Mzee, na sasa limemfaa.

Hili la kumrudisha babu ndani ya mjukuu nalo si letu peke yetu. Wakamba wana Musyoka, aliyerudi. Wakikuyu wana Kariuki, aliyefufuka. Wayoruba wana Babatunde, baba amerudi. Sisi Waislamu hatusemi roho imerudi, ila jina tunalirudisha. Ndiyo maana Pwani utakuta Ali Mohamed Ali na Omari Shee Omari. Jina linapishana babu kwa mjukuu kama zamu ya walinzi. Wako atakuwa Fumo, kisha jina lako, kisha Fumo.

Kuhusu baba mkwe, ondoa wasiwasi. Kwa desturi ya Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la upande wa baba, kwa babu yake. Mzee Charo analijua hilo kuliko wewe, na ukimpa mjukuu wa kwanza jina lake huenda akashangaa ulikolelewa. Kwa hiyo mamako na wakwe zako wanasema neno moja bila kukutana. Anayepingana nao ni orodha. Hata hivyo mwendee kabla ya siku ya saba, umwambie kwa mdomo wako, usimtumie ujumbe wa simu.

Na Charo mweke akiba ya ndugu yake. Ni jina zuri: charo ni safari, na Safari lenyewe pia ni jina la wanaume huko huko. Majina ya Kigiriama ukiyafungua yana mambo: Kalume ni kidume, na Kazungu na Kahindi hubeba wageni waliokuwa wakiingia pwani, yule Mzungu na huyu Mhindi, kila mmoja amepachikwa ka- ya udogo mbele, jambo ambalo sidhani kama wenyewe waliambiwa. Lakini lililo kubwa kuliko yote ni la mama. Yule mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kumpinga Mwingereza mwaka 1913 alizaliwa Mnyazi wa Menza. Dunia inamjua kama Mekatilili: Me-, mama wa, Katilili, mwanawe. Mtoto alimpa mama jina, na jina hilo ndilo lililoingia katika historia. Basi muulize mkeo pia, maana yeye ndiye atakayeitwa Mama Fumo sokoni maisha yake yote, na katika barua yako sikuona mahali yeye mwenyewe alipotaja jina.

Kama akilikataa Fumo, msikimbilie mbali. Kuna Madi, ambalo ni Muhammad aliyepitia ulimi wa kisiwani: mtoto atakuwa na jina la Mtume na hatakuwa Mohamed wa saba. Kuna Aidarusi, la masharifu wa Hadhramaut, ambao mmoja wao mashuhuri amezikwa Aden. Kuna mitume wanaosahauliwa, Shuaibu, Idrisa, Hud, Dhulkifli. Swaleh siwezi kukwambia ni adimu. Tangu Habib Swaleh na msikiti wa Riyadha, ukiita Swaleh pale Lamu wageuka kumi. Jamshidi ni la mfalme wa hadithi za Kiajemi na la sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyepinduliwa Januari 1964. Lina fahari, ila wazee wa Unguja watamtazama mara mbili.

Mambo mawili ya kazi, halafu nikuache.

La kwanza ni tahajia. Jina la babangu limeandikwa kwa njia tatu: moja kwenye cheti changu cha kuzaliwa, nyingine kwenye kitambulisho, ya tatu kwenye cheti cha shule. Nilipokwenda kudai haki yangu ya kustaafu, ofisi moja ilinizungusha miezi saba ikitaka nithibitishe kwamba baba zangu watatu ni mtu mmoja. Mohamed ana maandishi manne ninayoyajua, na Athumani matatu. Fumo ana herufi nne na hana pa kukosewa. Hata hivyo, mtakapopewa karatasi ya kuzaliwa hospitalini, isome herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani, na cheti kishughulikie kabla ya miezi sita kupita. Ukichelewa, inakuwa usajili wa kuchelewa, wenye karatasi zake na safari zake.

La pili, lijaribu kwa sauti. Jina halikai kwenye karatasi, linaitwa. Nenda nyumbani Shela, simama juu ya ngazi alasiri watoto wanapocheza mpira kwenye kichochoro, uite: "Keanu, ndoo!" Kisha uite: "Fumo, ndoo!" Sikiliza ni lipi linalofika mwisho wa njia, na mtazame mamako usoni atakaposikia la pili.

Siku ya saba, mkishamnyoa nywele na kuchinja mbuzi wenu wawili, niandikie mlikubaliana lipi nilitie daftarini. Na kama ile picha ya hospitali ilikosea akatoka binti, niandikie mapema zaidi. Ya mabinti nina daftari jingine, tena nene kuliko hili.